Taya la Meneja

Bungoma, 3 Februari 2025

Kwa mkwe wangu Gathii,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima isipokuwa mmoja, na ndiyo sababu ya barua. Natumaini wewe na binti yangu Jentrix mko salama huko Kibomet, Kitale, na mahindi mmeshauza.

Najua utacheka, ati mbona sipigi simu. Desturi yetu hairuhusu mama mkwe kumkaribia mkwewe, na sauti ya mtu ndani ya sikio si mbali. Hata kwenye harusi yenu nilikaa nyuma ya nguzo ya kanisa mpaka keki ikaisha. Barua haina shida.

Mgonjwa ni Meneja, mbwa wa marehemu mume wangu. Mzee alimwita hivyo ili naye apate meneja mmoja wa kumtuma. Kuna kinyama kimeota kwenye ufizi wa chini, kimesukuma meno, na akila anatoa damu. Wewe ni daktari wa mifugo, nitumie dawa ya kupaka. Tangu mzee aondoke nyumba hii ina sisi wawili tu, na siko tayari kubaki mmoja.

Mama mkwe wako,
Sellah


Kitale, 6 Februari 2025

Kwa heshima, mama mkwe,

Salamu zimefika. Sisi tuko sawa, mahindi bado yanangoja bei.

Jentrix amenionyesha picha. Uvimbe wa aina hiyo haupakwi dawa. Nataka kutoa kipande kidogo kipimwe maabara, na nipige picha ya mfupa. Jirani yako Hillary analeta kabichi sokoni huku Jumatatu. Mpakie Meneja kwenye pikapu yake, atarudi naye jioni. Si lazima uje.

Mkweo,
Gathii


Bungoma, 24 Februari 2025

Kwa mkwe wangu,

Hamjambo? Mimi nimelala vibaya.

Nilikuja siku ile. Ulitaka nimwachie Hillary, mtu anayesahau hata kabichi zake? Nilijikunja upande wa pili wa pikapu, nikampitisha Meneja chini ya gari kwa kamba. Uso wako sikuuona. Niliona gambuti zako za mpira tu, na zina tope la mwezi mzima.

Sasa Jentrix ananiambia majibu yametoka. Ati uvimbe huu hausambai mwilini lakini unakula mfupa, na wewe unataka kumtoa taya. Mkwe! Mbwa asiye na taya atabwekaje? Na majirani watasema nini?

Mama mkwe wako,
Sellah


Kitale, 27 Februari 2025

Mama mkwe,

Pole kwa kukosa usingizi.

Sitoi taya lote. Natoa sehemu ya mbele ya taya la chini, pamoja na mfupa mzuri kidogo kando yake. Ni kama kiazi kilichoanza kuoza: ukiacha weusi hata kidogo, kesho unakitupa chote. Atabweka. Ulimi utaning'inia nje, lakini mbwa hawajiangalii kwenye kioo. Nikiuacha uvimbe huo, miezi michache ijayo hataweza kula kabisa.

Hata hivyo sikati bila neno lako.

Mkweo,
Gathii


Bungoma, 1 Machi 2025

Kwa mkwe wangu,

Kata. Hillary atamleta Jumanne. Safari hii siji.

Ukimpoteza, usiniandikie wewe. Mwambie Jentrix aandike, nikiona mwandiko wake nitajua.

Sellah


Kitale, 7 Machi 2025

Mama mkwe,

Naandika mimi mwenyewe, kwa hivyo pumua.

Upasuaji ulienda vizuri na mshono unapona. Shida ni moja: tangu aamke hajala. Nimempa maini, nyama ya kusaga, hata mayai ambayo Jentrix aliniwekea mimi. Ananigeuzia kisogo, anaangalia mlango. Nampa maji kwa mshipa, lakini asipokula mwenyewe nitampoteza, na si kwa sababu ya taya.

Njoo, tafadhali. Utalala kwa jirani yetu Rosaline. Jentrix atatundika shuka katikati ya sebule na mimi sitavuka.

Mkweo,
Gathii


Bungoma, 28 Machi 2025

Kwa Gathii,

Tumefika salama, sote wawili. Meneja alikaa mbele na Hillary, ulimi nje, na njiani watu wa Kiminini walimpungia mkono. Majirani walicheka kidogo wakachoka. Jana alimbwekea mchungaji mpaka maombi yakawa mafupi, kwa hivyo sauti ni ile ile.

Nataka kusema juu ya lile shuka. Nilidhani nitamlisha mimi. Tonge la kwanza la maini alilichukua mkononi mwangu, nikalia. La pili akalikataa, akapita chini ya shuka kuja kwako, ukampa wewe, akarudi. Ikawa hivyo kila siku: tonge kwangu, tonge kwako.

Jioni ya mwisho ulidhani nimeshaenda kwa Rosaline. Nilikuwa nimesinzia kitini. Nikakusikia ukimwambia, "Kula, Meneja. Mimi sina mama wa kurudi kwake. Wewe unaye."

Iliniuma sana.

Desturi sitaivunja. Uso wako nitaendelea kuukwepa mpaka wazee waseme vingine. Lakini juu ya miguu hawajasema lolote, na chini ya shuka niliona soksi yako ya kushoto ina tundu, kidole gumba kiko nje kama ulimi wa Meneja. Kwenye kifurushi hiki kuna soksi za sufu, nimezifuma mwenyewe. Zivae, Kitale ni baridi.

Mama yako,
Sellah