Saa Yetu Bwawani

Jumapili, 12 Januari

Saa mbili asubuhi, bwawani hapa London kama kawaida. Baridi ya kukata masikio. Mapazia yameshushwa, mlinzi wa bwawa ni mwanamke, wanaume hawaingii mpaka saa tatu. Leo Lorraine, mwalimu wetu, kaninyang'anya ubao wa kujishikia majini. Nikaelea! Pumzi nane, nimezihesabu. Nina miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Pemba, na leo ndiyo mara ya kwanza maji kunibeba. Kaka zangu waliogelea kila siku. Mie nilikaa ufukweni nikiwashikia nguo.

Jumatano, 15 Januari

Tangazo mlangoni mwa bwawa. Nimelisoma mara tatu. Saa ya wanawake inafutwa mwisho wa mwezi. Eti ili kila mtu ajione amekaribishwa. Kila mtu! Mie nani, basi?

Nikaenda kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na hasira yangu. Nimemwogesha bibi mmoja vibaya, sabuni ikamwingia machoni. Nikamwomba radhi. Hasira ile haikumhusu yeye.

Alhamisi, 16 Januari

Nimemwambia Hamad, mume wangu. Kafurahi. Hata hakuficha. "Alhamdulillahi. Mama mtu mzima, unatafuta nini majini?" Yeye huyu, anayekwenda kuogelea na wenzake kila Jumamosi, na taulo namfulia mie. Nimempakulia wali, nikaondoka mezani.

Salma, binti yetu, kanijibu kwa Kiingereza kwamba ni bwawa tu, nisijipe presha. Nikamkodolea macho mpaka akaingia chumbani kwake.

Jumapili, 19 Januari

Hodan kaja na karatasi za kutia saini. Ni Msomali, dereva wa basi la watoto wa shule, ndiye aliyenileta bwawani mwaka jana. "Zuhura, tukinyamaza tumekwisha," kasema. Wote waliokuwepo wametia saini. Wa kwanza alikuwa Carol, Mwingereza, hana dini. Kakatwa titi kwa saratani na hataki kutazamwa na wanaume. Kumbe si sisi Waislamu peke yetu. Hakuna aliyemuuliza. Hakuna aliyetuuliza sote.

Jumatatu, 27 Januari

Tumeonana na meneja. Mie, Hodan na Carol. Kijana mpole, ndevu kazichonga vizuri. Kwa Carol alizungumza kawaida. Kwangu akapunguza mwendo, neno moja moja, kama nimeshuka ndege asubuhi. Nimeishi London miaka ishirini na nne.

Kisha kaniuliza, kwa huruma, kama ni mume wangu anayenilazimisha kujitenga. Huruma ile imenichoma kuliko tusi.

"Mume wangu," nikamwambia, "ndiye mtu pekee niliyemwona akifurahi mlipoifuta saa yetu."

Kawa mwekundu. Hodan kaangua kicheko. Mie sikucheka, na mpaka sasa siwezi kucheka. Wanaume wawili ambao hawajaonana hata siku moja. Kila mmoja anadhani ananiokoa. Na wote wawili wananitoa majini.

Ijumaa, 7 Februari

Jibu limekuja. Saa yetu imerudi, lakini Jumanne, saa nane mchana. Nani ana nafasi Jumanne saa nane? Na barua imeandikwa kana kwamba tumepewa zawadi.

Hodan saa hiyo yuko njiani kuwafuata watoto wa watu. Yeye ndiye aliyezunguka na karatasi. Nilipompigia nikamsomea barua. Kisha kasema, "Nenda wewe." Nimelia bafuni. Ni hasira, wala si huzuni.

Nikanawa uso, nikabadilishana shifti na mwenzangu wa kazini. Hamad nimemwambia Jumanne atajipashia chakula mwenyewe. Sikuomba ruhusa. Nimemjulisha.

Jumanne, 25 Februari

Tulikuwa watano. Carol, wasichana wawili wa chuo, bibi mmoja Mhindi wa Nairobi anayeongea Kiswahili safi, na mie. Mapazia yakashushwa. Lorraine kasimama ukingoni.

Nikausukuma ukuta. Katikati nikanywa maji. Nilitaka kusimama, sikusimama. Nikagusa upande wa pili. Nikakaa pale nimeshikilia ukingo, nahema, hakuna aliyenitazama.

Nimemwandikia Hodan kutoka kituo cha basi: nimevuka. Jibu lake limekuja jioni, baada ya kazi. Dua ndefu, na chini yake kaandika kwamba bado ana hasira na wale wa bwawa. Na mie pia.

Nyumbani nimeanika nguo zangu za kuogelea juu ya hita ya kupasha joto sebuleni. Hamad kazitazama. Hakuziondoa. Kazisogeza pembeni kidogo, kaanika soksi zake kando, kakaa.