Kamongo na Dinosaria wa Mikono Mifupi

Jumatatu, 3 Machi

Samahani, daftari. Tangu Krismasi sijakugusa. Nilikuwa nachoka. Bado nachoka, ila leo nina hasira na hasira inataka mahali pa kukaa.

Asubuhi kama kawaida. Imani shuleni, mimi soko la samaki la Ggaba, kwenye meza ya Nalongo, mwajiri wangu, kisu mkononi. Sangara, sato, magamba mpaka kwenye nywele. Saa sita simu: mwalimu mkuu ananitaka. Nimekwenda na aproni yangu.

Kumbe ni daftari la Imani. Ana miaka saba, darasa la pili, na daftari zima ni wanyama wanaopigana. Simba na kiboko. Nyati na dinosaria wa pembe tatu. Picha upande huu, hukumu upande ule. Wenzake wengi ni Waganda, kila mmoja ana muziro, yaani mnyama wa ukoo wao ambaye hawamli. Wakati wa mapumziko wanabishana mnyama wa nani ana nguvu. Binti yangu ni Mkenya, hana muziro. Basi wakamfanya refa.

Ijumaa refa ameamua kwamba dinosaria mla nyama, yule wa mikono mifupi, amemla kamongo. Kamongo, yule samaki wa topeni, ni muziro wa Patricia, wa darasa lake. Watoto wakamwimbia Patricia, "Samaki wenu ameliwa, nyinyi sasa ni ukoo wa mifupa!" Amelia mpaka nyumbani. Leo baba yake amekuja shuleni, anasema ukoo umetukanwa.

Hukumu: Ijumaa ya wiki ijayo, watoto wote wakiwa kwenye mstari asubuhi, Imani asimame mbele, aombe msamaha, alichane daftari kwa mikono yake. Akikataa asirudi tena.

Nikasema ndiyo. Upesi, kama mtu anayefukuza nzi. Nilitaka tu kurudi kwenye meza kabla samaki hawajaharibika.

Daftari nimeliweka juu ya kabati.

Jumanne, 4 Machi

Imani hasemi. Chai ameiacha. Nimemchana nywele, hata hakulia.

Nalongo anasema mtoto akinyamaza ni adabu. Si adabu. Namjua mtoto wangu.

Jumatano, 5 Machi

Posho, ugali wa huku, ikiwa jikoni nimelishusha daftari. Nilitaka kuona hilo tusi.

Sikuliona. Nimeona kazi. Kurasa arobaini. Mtoto huyu anapima! Simba na kiboko: ndani ya maji kiboko, nchi kavu simba wakiwa watatu, simba mmoja asijaribu. Tembo na dinosaria mwenye shingo ndefu: hawapigani, wote wanakula majani. Nyuki na chui: nyuki, kwa sababu hawachoki kuja. Simba ni muziro wa rafiki yake mkubwa Josephine, na amemfanya ashindwe mara nne. Hapendelei mtu.

Mwanzoni kuna sheria zake. Ya tatu: "Aliye na mtoto nyuma yake, muongeze alama mbili."

Nimeisoma hiyo mara tatu. Posho imeungua chini.

Halafu ukurasa wa kamongo. Mistari miwili tu. "Dinosaria mkubwa. Kamongo mdogo. Ameliwa." Hakupima kitu. Hakuuliza maji, hakuuliza tope, hakuuliza meno. Alikuwa anakimbilia kengele, nadhani.

Kwa hiyo kosa lipo. Lakini ni kosa la refa mvivu. Tusi ni kitu kingine. Kosa linarekebishwa. Halichanwi.

Na mimi nimekosa pia. Nilisema ndiyo kabla sijasoma.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemchukua Imani Ggaba. Nimemwambia wazi: "Hukumu yako ya kamongo ni mbaya. Utairudia." Akanitazama kama nimempiga kofi.

Kamongo alikuwa kwenye beseni, hai, bila tone la maji tangu alfajiri. Mrefu kama mkono wangu. Anafungua mdomo, anameza hewa, anafunga. Imani akachuchumaa. Nalongo, ambaye hali kamongo kwa sababu bibi zake hawakumla lakini kumuuza anamuuza vizuri, akapiga kelele, "Mwanangu, usimpe kidole! Huyu hana adabu!" Kisha akamwonyesha kovu lake.

Mteja wetu mmoja, kijana anayesomea ualimu chuo cha Kyambogo, alikuwa anasubiri sato wake. Akasema ziwa likikauka kamongo anajichimbia tope, anajifungia humo, analala mpaka mvua irudi, hata kama ni mwaka mzima. Akasema babu zake kamongo walikuwepo hata kabla ya dinosaria.

Imani bado amechuchumaa. Anatazama beseni. Halafu, maneno ya kwanza tangu Jumatatu:

"Mama, dinosaria alikuwa anajua kuchimba?"

Niligeuka nikajifanya naosha kisu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kwa mwalimu mkuu. Leo bila aproni. Nimevaa gauni la kanisani.

Nimemwambia Imani atasimama Ijumaa na atarekebisha kosa lake mbele ya wote. Daftari halichanwi.

"Nnyabo," yaani mama, "hapa si Kenya," akasema.

"Najua, mwalimu. Mtoto nimemzaa hapa."

Akasema asipochana, aje na begi la kubebea vitu vyake. Nikasema sawa. Shule nyingine ya karibu siijui. Sijali. Hapana, najali sana. Lakini sirudi nyuma.

Alhamisi, 13 Machi

Imani ameandika, amefuta, ameandika. Sikumsaidia hata neno. Nimepiga pasi sketi. Begi tupu nimeliweka karibu na mlango, tulione wote wawili.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Watoto wote kwenye mstari. Baba yake Patricia mbele, mikono kifuani. Imani amesimama juu ya benchi, soksi moja imeshuka. Sauti ndogo, baadaye ikakua:

"Patricia, nisamehe, sikupima vizuri. Nimerudia. Dinosaria wa mikono mifupi na kamongo. Siku ya kwanza dinosaria anamkimbiza. Kamongo anamuuma mdomo. Anaingia kwenye tope. Dinosaria hajui kuchimba, mikono yake mifupi. Anangoja. Jua linawaka. Maji yanaisha. Dinosaria ana kiu. Kamongo amelala. Dinosaria anakufa, wote wanakufa. Mvua inakuja, kamongo anaamka. Mimi na Mama tulimwona Ggaba Jumamosi. Mshindi, kamongo."

Patricia akaruka juu kama timu imefunga bao.

Mwalimu mkuu akanyoosha mkono apewe daftari. Imani akalikumbatia. Mimi nikaenda kusimama nyuma yake. Nilikuwa tu nyuma yake.

Ndipo baba Patricia akakohoa. "Refa," akasema, uso mkavu kabisa. "Na kamongo na simba je?"

"Majini au nchi kavu, ssebo?" Imani akamuuliza kwa heshima, kama mtu anayesema bwana.

Watu wakacheka, hata walimu. Mzee mwenyewe alijitahidi asicheke, akashindwa. Akamwambia mwalimu mkuu yeye hana shida tena na mtoto huyu. Mwalimu mkuu akarudisha mkono mfukoni. Akasema mapigano ni wakati wa mapumziko tu, na akisikia mtoto amelia, atalichukua. Nikasema asante, mwalimu. Hiyo ni haki.

Begi nimerudi nalo tupu. Nikaenda kazini. Sangara walikuwa wengi.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani, kufua, kulala kidogo mchana. Imani yuko sakafuni anachora fisi.

Dada yangu Agnes anatuma mzigo kutoka Busia Jumatano. Nilimwambia Imani nitamwomba bibi yake atutafutie mnyama wa ukoo wetu, labda sisi pia tunaye, ili naye awe na wake kama wenzake. Hakuinua hata kichwa. "Usiulize, Mama. Refa hana timu."

Basi naandika nisisahau. Agnes alete:

Kadi ya ubatizo ya Imani.
Sweta ya kijani, ile ya mikono mirefu.
Omena debe moja, waliokauka vizuri.
Mafuta yangu ya mgongo.
Daftari la kurasa mia mbili, lisilo na mistari.
Kalamu nyekundu mbili, za kuandikia mshindi.