Marehemu Hawezi Kutoa Risiti

Baba Kabula wangu,

Najua hupendi mambo yetu kuanikwa mbele za watu. Utanivumilia leo. Kina mama wenzangu waliofiwa na waume wakaachiwa maduka wananiuliza kila mara nafanyaje, na mimi nikianza kueleza machozi yananitangulia huku wateja wamesimama. Nikaona bora niandike mara moja, hadharani. Wao wachukue la kwao humu, na wewe uchukue la kwako.

Kwanza habari za nyumbani. Kabula ameanza chuo, anasomea uhasibu, na tayari anatukosoa mimi na wewe kwa pamoja. Buswelu imejaa, hutaamini. Vile viwanja vya juu kwenye mawe, ambavyo ulisema hata fisi hawavitaki, sasa vina mageti na maua. Kila anayejenga anahitaji misumari, kwa hiyo duka lipo. Lakini lilikaribia kufungwa, Baba Kabula, na lilitaka kufungwa kwa sababu ya jina lako.

Unakumbuka siku mashine ya risiti ilipoletwa? Wiki nzima ulikuwa unaipinga. Ulisema serikali inataka kuja kukaa nyuma ya kaunta yetu na chai tuinunulie. Halafu yule kijana wa mashine akabonyeza, karatasi ikatoka, na juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa PASKALI M. LUGENDO, na chini yake BUSWELU, MWANZA. Ukaishika ile karatasi kwa ncha za vidole, ukaisoma, ukaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, ukaisoma tena. Nikajua basi, mashine imeshapata mtetezi.

Tangu hapo ukawa askari wa risiti. Wenzako walikuwa wanamuuliza mteja, "Na risiti au bila risiti?" Wewe hukuuliza. Nakumbuka yule baba aliyenunua komeo na misumari, akapanda bodaboda yake akaondoka, na wewe ukatoka mbio nyuma yake unapeperusha karatasi, "Risiti yako! Wewe, risiti yako!" Ndala moja ikabaki katikati ya barabara. Uliporudi unahema nikakuambia, "Baba Kabula, mtu ameshalipa, mwache aende." Ukanijibu, "Aende na jina langu." Nilikucheka sana siku hiyo. Sikujua kama maneno hayo yatanikalisha macho baadaye.

Na lile la laminesheni nalo naliweka hapa. Usininunie, Kabula amesema lisipokuwemo barua haijakamilika.

Tulikuwa tumeambiwa kwenye semina kwamba mfanyabiashara anatakiwa kutunza kumbukumbu zake miaka mitano, za mauzo na za manunuzi. Sawa. Tatizo ni kwamba zile karatasi za mashine zinafifia, na chini ya bati letu lile, mchana wa jua, risiti tuliyopewa na wauzaji wa jumla wa Nyakato ilikuwa ndani ya muda mfupi inabaki nyeupe kama haijaandikwa kitu. Ukawa hulali vizuri. Sasa wewe ni mtu ambaye kila cha thamani ulikipiga laminesheni ya plastiki: cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, mpaka kadi ya mwaliko wa harusi yetu wenyewe, sijui ulidhani tutaingia tena. Ukakusanya risiti zote za manunuzi kwenye mfuko, ukaenda steshenari, ukamwambia yule dada azipige zote.

Ulirudi na furushi linang'aa. Ukalifungua mezani. Nyeusi! Zote nyeusi tititi, kama masizi ya sufuria, halafu zinateleza vizuri kwa plastiki. Kumbe karatasi zile huandikwa kwa joto, hazina wino, ukizipitisha kwenye mashine ya moto zinaungua zote kwa mkupuo. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakuambia, "Angalau sasa hazitafifia." Loo, hukunisemesha mpaka ugali ulipoiva. Kesho yake ukapita duka kwa duka Nyakato unaomba nakala, na kila ulikofika waliita wenzao waje waone zile nyeusi. Walikucheka, lakini nakala walikupa, kwa sababu hakuna aliyekuwa hakupendi. Tangu hapo ikawa risiti haijamaliza kuingia mlangoni tumeshaitoa kopi na kuipiga picha kwa simu, ndipo tunashusha mzigo. Wapagazi walikuwa wanasonya juani wanatusubiri.

Halafu ukaondoka. Sina sababu ya kukusimulia habari unayoijua kuliko mimi.

Baada ya kukuzika kwenu Magu, baada ya matanga, nilifungua duka kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya na mikono yangu. Alikuja fundi, akanunua binding waya ya kufungia nondo na msumeno. Nikabonyeza kama nilivyozoea. Mashine ikalia, karatasi ikatoka, na juu yake upo wewe. PASKALI M. LUGENDO. Yule fundi akaiangalia akasema, "Mzee bado yuko kazini." Wote wawili tukacheka na mimi nikaingia stoo nikalia kwenye mifuko ya saruji.

Nisiwe mnafiki, nilipenda. Kila mteja aliyekuja, nilikuwa nakuona. Mtu akinunua msumari mmoja natoa risiti. Nilikuwa nazichelewesha kidogo mkononi kabla ya kuzitoa. Watu wa Buswelu walijua, wakawa wanasubiri. Nikaona haya maisha yanawezekana, mume wangu yuko kaburini na yuko kaunta pia.

Basi akaja yule binti wa ofisi ya mapato. Mdogo tu, anamzidi Kabula miaka michache, kavaa vizuri, ana faili kwapani. "Shikamoo mama." Marahaba. Akanipa pole, pole ya kweli, si ile ya kupita. Kisha akaomba aone mashine, akatoa karatasi, akaisoma, akaniangalia. Akasema taratibu, "Mama, marehemu hawezi kutoa risiti."

Nilimfokea, Baba Kabula. Nilimfokea mpaka muuza mkaa wa jirani akachungulia. Nikamwambia huyu marehemu unayemsema alikuwa anawakimbiza watu barabarani kwa ajili ya risiti zenu, wakati wanaume wazima wanaficha mashine zao chini ya kaunta na kuzifunika kanga. Leo amekufa ndio mnakuja kumfuta? Yule binti alivuta ndoo ya rangi, akakaa juu yake, akasubiri nimalize. Nilipoishiwa maneno akasema, "Nikikuacha hivi hivi mama, nitakuwa nimekuonea."

Akanieleza, na ninaeleza na wenzangu wasikie. Ile namba ya mlipakodi ni ya mtu, na mtu akifariki hairithiwi na mjane wala mtoto. Inabidi ifungwe. Risiti niliyokuwa natoa kwa jina lako haikuwa risiti halali, hata kama kodi imelipwa. Mteja wangu akikamatwa njiani na mzigo, yeye ndiye angesumbuka. Mkandarasi anayejenga madarasa hapo juu, ambaye ndiye mnunuzi wetu mkubwa, asingeweza kuiingiza kwenye hesabu zake, na angehamia kwa mwingine. Leseni ingeisha na nisingeweza kuihuisha. Yaani duka lingekufa kidogo kidogo huku nimeshika karatasi zako mkononi. Cha kufanya ni ndugu wakae kikao, wateue msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo ithibitishe, ndipo mashine yako ifungwe kwa heshima na ifunguliwe nyingine kwa jina la atakayeendelea.

Kwa jina la atakayeendelea. Hapo ndipo palipokuwa na mgogoro.

Kikao kilifanyika kwenu Magu. Kaka yako, shemeji Kulwa, ndiye aliyeanza kusema. Alisema jina la Lugendo likitoka kwenye duka hilo litakuwa limetoka mjini kabisa, kwa hiyo mashine iandikwe jina lake yeye, mimi niendelee kuuza kama kawaida. Hakusema kwa ubaya. Machozi yalikuwa yanamtoka mzee wa watu, anayafuta kwa kofia. Na wengine wakaitikia kwa vichwa, na mimi nikaona mahali pangu panaondoka mbele ya macho yangu, kwa upole kabisa, tena na chai ya maziwa juu.

Ningeweza kunyamaza. Unajua kwetu Muleba tulivyolelewa, mke wa watu hajibizani na shemeji mkubwa kikaoni. Lakini nilisimama. Nikasema, "Shemeji, mashine haiulizi ukoo. Inauliza nani yuko dukani asubuhi, nani kanunua, nani kauza, nani ataitwa hesabu zikikosea. Ikiandikwa jina lako, utakuja kufungua wewe?" Akasema ana ng'ombe wake, atawaacha na nani. Nikamwambia, "Basi niachie niitwe mimi."

Shemeji akaniuliza, "Na Paskali je? Atabaki wapi?" Nikamwambia sijui. Nadhani hilo ndilo lililomlainisha, maana aliivaa kofia yake tena, akasema, "Mwandikeni shemeji. Hata mimi sijui atabaki wapi." Akaja naye mpaka mahakamani, akakaa na mimi kwenye benchi, na tulipochelewa akaninunulia karanga. Nimemsamehe, na wewe usimkasirikie huko uliko.

Siku ya kufunga mashine nilikuwa nimejipanga nisilie. Nilitoa ripoti ya mwisho ya siku, ikatoka ndefu, na jina lako juu. Yule kijana wa mashine akaiandika namba yake kwenye fomu yake, akachomoa waya. Nikamuuliza kama anaweza kuniachia hata jina tu, hata pale chini kwa herufi ndogo. Akasema, "Mama, haiko hivyo." Haya. Nikambebea mashine mwenyewe mpaka kwenye gari. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani.

Kaunta ilibaki na pengo na duka likafungwa siku mbili tatu hizo. Nilipita mjini mpaka maduka ya Mirongo kununua kufuli nisilolihitaji, natembea tu. Niliogopa. Niliogopa kwamba nikirudi dukani sitakukuta, na kwamba na mimi sitakuwepo, atakuwepo mwanamke fulani anauza misumari.

Mashine mpya ni ndogo, inaongea na simu. Kabula alikuja kunifundisha akakosa uvumilivu ndani ya dakika, nikamfukuza, nikajifunza mwenyewe. Na leo asubuhi nimefungua. Wa kwanza alikuwa dada mmoja anajenga chumba na sebule kule juu, peke yake, na mtoto mgongoni. Simfahamu, hajawahi kufika. Alitaka bawaba za mlango na misumari. Nikabonyeza, karatasi ikatoka, nikampa bila kuiangalia, maana sikutaka kuona jinsi ulivyokosekana.

Yeye akasimama kuisoma. Anajenga kwa hela yake, anasoma kila kitu. Akasoma kwa sauti, polepole, "Adventina Kokuhirwa." Akainua uso. "Ndiye nani huyo?"

Baba Kabula, mafundi wananiita Mama Kabula. Ndugu zako wananiita shemeji. Kabula ananiita mama, na kanisani mimi ni mama wa jumuiya. Mjini huku jina hilo ulikuwa nalo wewe tu. Wewe ndiye uliyekuwa unaliita, kutoka uani, unauliza nimeweka wapi sabuni. Tangu tukuzike, sikuwa nimelisikia katika sauti ya mtu.

Nikamwambia, "Ni mimi." Halafu nikamwomba, "Hebu soma tena."

Akanishangaa, akacheka, akasoma tena.

Pumzika vizuri huko Magu, mume wangu. Mimi nimo dukani.

Mkeo,
Adventina