Maji ya Samaki wa Seif

Jumapili, 11 Desemba 1960

Uji, dawa, kumgeuza mume wangu Seif upande wa pili, kumpaka mafuta ya nazi mgongoni. Kidonda cha kiunoni kimekauka kidogo. Kisha samaki. Chembe za mkate, kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kidole, si zaidi. Ndivyo alivyokuwa akifanya mwenyewe alipokuwa na mikono miwili.

Sasa ana mmoja, wa kushoto. Na neno moja. Kiharusi kilichukua maneno yote kikamwachia "bado". Una njaa, Seif? Bado. Unaumwa? Bado. Nimejifunza kusikiliza sauti, si neno.

Tangi liko mbele ya kitanda chake. Alilitengeneza kwa vioo vilivyobaki alipokuwa akiweka madirisha ya nyumba za wakubwa, akaziba pembe kwa lami. Samaki aliletewa na baharia kutoka Mombasa, wekundu wanne ndani ya debe. Mtaa mzima wa Tibirinzi ulikuja kutazama, utadhani harusi. Siku hizi hawaji. Yeye hutazama kutwa. Nikilifunika tangi kwa kitambaa, hulia.

Bwana Hamad, jirani na rafiki yake, hajaja tangu juzi. Miaka yote hakukosa baada ya alasiri. Siasa hizi.

Jumanne, 13 Desemba

Nimekwenda kisimani. Kamba haipo, ndoo haipo, mdomo umefunikwa mbao. Bi Time, mke wa Hamad, akatokea mlangoni kwake, kanga usoni.

"Mwalimu Raya, niwie radhi. Kasema mwenyewe, watu wa upande wenu wachote kwengine hata uchaguzi upite."

Upande wetu. Seif hajatamka upande wowote tangu alipoanguka. Mimi nilikwenda mkutanoni mara moja, nikakaa nyuma na wanawake wenzangu. Imetosha.

Kisima kile walikichimba wawili, Hamad na Seif, vijana, kabla sijaolewa. Kimo ndani ya kiwanja cha Hamad. Kwa hiyo ni cha Hamad.

Nimerudi na ndoo tupu. Nina hasira hata siwezi kusonga ugali.

Ijumaa, 16 Desemba

Maji ya kisima cha bondeni. Kwenda ni mteremko, kurudi ni kilima, na debe kichwani. Yana rangi ya chai hafifu, na chumvi kwa mbali. Ya kunywa nachemsha, nachuja. Khamis, mdogo wake Seif anayekaa Madungu, kaniletea madebe mawili kwa baiskeli.

Leo siku ya samaki. Seif alikuwa akipunguza theluthi ya maji kila Ijumaa akirudi msikitini, na kujaza mengine. Mimi wiki mbili sikugusa. Tangi linanuka. Nikaona heri nimwage yote, nisugue vioo na mawe, nijaze upya, nipumzike. Seif akaanza. Bado, bado, bado. Kwa nguvu, mate yanamtoka. Nikadhani anataka kugeuzwa. Nikamgeuza. Akaniparura mkono.

Nimechoka. Nimemwacha alie, nikamwaga yote, nikasugua, nikajaza maji ya bondeni.

Jumatatu, 19 Desemba

Samaki wana vipele. Vyeupe, vidogo, kama wamenyunyiziwa chumvi, mwilini na kwenye mapezi. Wanajisugua kwenye mawe. Mmoja hashuki tena, yuko juu tu, anahema.

Naelewa sasa alichokuwa akinizuia. Aliwahi kuniambia, zamani, kwamba mawe ya tangi hayasuguliwi, ule ute wa kijani ndio unaoyaweka maji hai. Nilimcheka. Na maji hayatoki kisimani yakaingia tangini moja kwa moja. Hukaa kwanza. Yote hayo nilikuwa nikiyaona kila Ijumaa kwa miaka, nisiyatie akilini, kwa sababu yalikuwa mambo yake.

Hataki kula. Nasema Seif. Samaki nao hawataki.

Alhamisi, 22 Desemba

Nimekwenda kwa Hamad. Alikuwa uani anageuza karafuu kwenye majamvi. Hakuinuka.

"Debe moja kwa siku," nikamwambia. "La Seif."

"La Seif au la samaki?"

"Ni kitu kimoja, Bwana Hamad. Weye wajua."

Akaendelea kugeuza. Kisha akasema polepole, bila kunitazama: "Mie sina ugomvi na Seif, Mwalimu. Ila hawa wangu wananitazama. Nikikufungulia weye leo, kesho sina wa kunichumia karafuu."

"Basi njoo umwambie mwenyewe."

Akahamia jamvi la pili. Ni mwoga. Angekuwa mwovu ningejua la kumfanya.

Jumamosi, 24 Desemba

Yule samaki aliyekuwa juu amekufa. Nimemkuta amelala ubavu, jicho limeingia ukungu. Nilimtoa kwa kawa nikijaribu kumficha Seif. Aliona. Hakulia. Hilo limenitisha zaidi.

Nikamwambia: wewe ndiye fundi, nifundishe. Nikaweka beseni juu ya kiti pale karibu na mkono wake, nikatia maji ya tangi, nikachukua chumvi ya mawe. Kijiko cha kwanza. Bado, akasema. Taratibu, si kwa kelele. Nikakoroga. Cha pili. Bado. Nikatia nusu nyengine nikamtazama. Akanyamaza.

Muda wote huu nilikuwa nikilisikiliza neno lile kama kilio cha mgonjwa. Leo lilikuwa na maana yake. Nimekaa jikoni nikalia, kisha nikarudi.

Tukawaogesha mmoja mmoja. Mkubwa alianza kupinduka, Seif akapiga ukingo wa kitanda kwa mkono, nikamtoa haraka nikamrudisha tangini. Akakaa chini, akasimama sawa. Khamis alikuwa mlangoni na madebe yake, anatikisa kichwa.

"Watu hawana maji ya kunywa, shemeji, weye watibu samaki."

Ana haki ya kusema. Ni yeye anayesukuma baiskeli.

Jumamosi, 31 Desemba

Wamebaki watatu. Vipele vinapungua kwa mkubwa. Wa pili yuko vile vile. Mwenye mkia mrefu, mkia umeanza kulika pembeni, kama kitambaa kilichoshikwa na moto.

Nina mapipa mawili barazani. Maji ya bondeni nayachuja kwa kanga iliyokunjwa, nayatia pipani, nayaacha yatuame. Kila asubuhi nachota kikombe namwonyesha Seif kwenye mwanga. Bado. Kesho yake, bado. Akinyamaza ndiyo tayari. Halafu nayamwaga kutoka ndoo hii kwenda ile, juu chini, yapate hewa, yapate na joto la nyumba. Robo tu ya tangi natoa, kwa mpira, kutoka chini kwenye uchafu. Mawe siyagusi. Chakula hapana, ila wakitafuta.

Seif amekula mayai mawili. Tumekuwa tukizungumza. Sina jina jengine la kuliita.

Jumatano, 4 Januari 1961

Kisima cha bondeni kimeshuka. Wanawake wanapanga ndoo tangu alfajiri, na wa upande huu hawazungumzi na wa upande ule, hata watoto. Dada wawili wa tumbo moja nimewaona leo wamepeana mgongo. Mmoja alikuwa amebeba mwana wa mwenziwe.

Samaki wa pili amekufa.

Alhamisi, 12 Januari

Shule imefunguliwa. Asubuhi Seif namwachia mama mkwe, mama yao na Khamis. Darasani wasichana wamejitenga safu kwa safu, sikuwapanga mimi. Nikawachanganya. Jioni mzazi mmoja kaja mlangoni kuniuliza nimekusudia nini.

Nimesema nimekusudia hesabu.

Mkia mrefu amepona nusu. Pale palipolika pana utando mwembamba unaopitisha mwanga. Seif aliuonyesha kwa kidole. Ila yeye mwenyewe amekonda, na kidonda cha kiunoni kimefunguka tena. Maji ninayowapa samaki ni masafi kuliko ninayomkoshea Seif kidonda. Nimeligundua leo. Kuanzia kesho Seif na samaki watatumia pipa moja.

Ijumaa, 20 Januari

Kura zimepigwa, zimehesabiwa, na hakuna aliyeshinda. Wanasema zitapigwa tena. Nilikuwa nimejiahidi mambo mengi yatakayokuwa uchaguzi ukipita.

Hamad amekuja. Baada ya alasiri, kama zamani, ila kwa mlango wa uani. Akavua makubadhi, akasema, "Seif, ndugu yangu." Akakaa kwenye kiti chake kile kile.

Seif alimtazama kitambo. Kisha akageuza uso ukutani. Kwa shingo ile, lilikuwa jambo gumu na lilichukua muda, na sote wawili tulilazimika kungoja limalizike.

Hamad akabaki kitini. Akatazama samaki. "Haya si maji ya kwetu," akasema.

"Si ya kwenu."

Kwenye kuondoka akaninong'oneza: njoo magharibi, watu wakiwa msikitini, mbao nitaziacha wazi. Nikamwambia siendi kuiba maji ya mume wangu. Akaondoka na makubadhi mkononi.

Nilijiona mkubwa. Sasa hivi sijioni hivyo. Debe moja la maji yale lingemfaa kidonda.

Jumatatu, 23 Januari

Homa. Daktari wa spitali kaja, kasema damu imechafuka, kaacha sindano na uso wa mtu asiyezitegemea. Seif hatazami tangi. Nimemwonyesha kikombe cha maji, hakusema neno. Si ule ukimya wa tayari.

Jumatano, 25 Januari

Seif amefariki jana asubuhi. Nilikuwa bondeni kwenye foleni ya ndoo. Niliporudi mama mkwe alikuwa ameshamfumba macho.

Naandika ilivyokuwa kwa sababu sitaki kuja kusimuliwa na wengine.

Khamis alitoka kutafuta maji ya kumkosha. Bondeni palikuwa na tope, wanachota kwa kifuu. Akarudi na nusu debe, rangi ya matofali. Wakati huo Hamad alikuwa amesimama kwenye ua wake, mbao ameziondoa zote, kamba mpya, ndoo imejaa. Mchana, mbele ya watu.

"Maji yapo, Khamis," akasema. "Chukua."

Khamis akanitazama mimi. Watu wote wakanitazama mimi.

Nikasema, "Maji yamo mapipani."

Yalikuwa yametuama siku tatu. Yamechujwa, yamepata hewa, ukichota unaona weupe wa kikombe mpaka chini. Hapakuwa na maji masafi kuliko yale nyumba hii.

"Na samaki?" Khamis akauliza.

Nikamwambia achukue yote.

Wakamkosha kwa maji hayo. Yalitosha. Waliomzika walikuwa wachache, wa upande wa pili hawakuja, na wa upande wetu waliokuja walihesabu nani hajaja. Naambiwa Hamad alifuata jeneza peke yake, nyuma kabisa. Hakuna aliyempokeza kulibeba.

Sijui kama nilimlinda Seif au nilimnyima rafiki yake. Sina wa kumuuliza.

Jumamosi, 4 Februari

Eda. Sitoki. Mkubwa amekufa tangu wiki iliyopita. Hapakuwa na maji ya kubadilisha, na mimi sikutaka kuinuka. Aliyebaki ni mkia mrefu, yuko pembeni, mapezi ameyabana. Maji yamekuwa mazito. Wageni wa msiba wanauliza kwa adabu kwa nini silitoi tangi hili.

Sijali samaki. Nimeandika nione kama ni kweli. Si kweli.

Alhamisi, 16 Februari

Bi Time alikuja Jumatatu, na debe kichwani, mchana wa jua. Desturi, kuombana radhi kabla ya Ramadhani. Akalitua barazani, akapiga hodi, akakaa kwenye mkeka karibu yangu.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe."

Akangoja. Nikajua anangojea jina la pili, la mumewe. Nikamwambia mwenye jina hilo ana mdomo wake. Akaitikia kwa kichwa. Akasema Hamad siku hizi hasemi na mtu, karafuu zimenyeshewa na mvua jamvini asizianue. Hakuomba zaidi. Kabla ya kuondoka akauliza debe alimwage wapi. Nikamwambia pipani.

Nikayaacha yatuame. Leo, siku ya kwanza ya mfungo, nimetoa robo ya maji ya zamani kwa mpira, nikamimina haya taratibu ukingoni mwa kioo. Mkia mrefu alikimbilia kwenye mawe akajificha. Baadaye akatoka. Akafungua mapezi.

Sikuwa na la kufanya mpaka kufuturu. Nikajilaza kwenye kitanda cha Seif, kichwa pale alipokuwa akiweka chake. Sikuwahi. Siku zote mimi nilikuwa upande wa dirisha, mgongo nimeupa nje, nikihangaika na ndoo.

Kutoka kwenye mto wake wa kichwa, tangi linaonekana lote. Na ndani ya maji, nyuma ya samaki, dirisha. Na ndani ya dirisha, kisima cha Hamad, mdomo wake wote, na mtu yeyote anayekisogelea. Haya ndiyo aliyokuwa akiyatazama kutwa.

Nilikaa pale mpaka adhana.