Sakafu ya Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 7 Machi 1938

Nimeanua mbaazi, nikaenda na mume wangu Salehe kuitazama nyumba inayouzwa. Ya mawe, nyuma ya soko. Salehe kaona mlango wa nakshi, basi, keshaipenda. Mimi nimetazama juu. Boriti mbili zimeliwa na mchwa. Hizo hubadilishwa. Chumba cha nyuma ndicho sikukipenda. Nyumba nzima chokaa imebambuka, kile peke yake kimepakwa upya. Kwa nini? Mwenye nyumba, Bwana Athumani, kasema eti kina joto zuri. Uongo. Kina baridi.

Alhamisi, 10 Machi

Nimerudi peke yangu, adhuhuri. Sakafu pembeni kavu, katikati mbichi. Nilipokanyaga pale, ikahema. Sina neno jingine. Pumzi ndefu, chini ya nyayo zangu. Nikatoka mbio. Nimemweleza Salehe, kacheka. Leo namchukia.

Jumapili, 13 Machi

Kwa Bi Tatu, ukuta mmoja na nyumba ile. Shikamoo, marahaba, kahawa. Kisha akasema, hanitazami: "Wapangaji huingia kiangazi, masika wakatoka. Mvua ikinyesha chumba kile kinapumua."

Nikamuuliza kuna nini.

"Muulize Athumani habari za mwanawe."

Nikaaga.

Jumatano, 16 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimemwambia Salehe nyumba hutazamwa mvua ikinyesha. Tumemkuta Bwana Athumani, tumeingia sote. Chumba kinahema. Mara hii Salehe kasikia. Akachukua mchi, akagonga sakafu. Pembeni imeshiba. Katikati tupu.

Nikamkabili Bwana Athumani. "Chini ya hapa pana nini?"

Akaitazama sakafu. "Kisima. Zuhura wangu alitumbukia. Tulimtoa, tukamzika. Kisima sikuweza kustahimili kukiona. Nikakilazia boriti, nikapiga sakafu juu."

Kumbe maji yakipanda, hewa hutafuta pa kutokea. Na boriti za chini lazima zimeoza. Hapo ndipo ningewatandikia wanangu mkeka. Nilikasirika. Kisha nikamwona analia, mtu mzima, mbele ya mke wa mtu. Hata hivyo nimesema: kisipofukiwa, hatununui. Salehe hakunipinga.

Usiku sikulala. Kujua ni hewa hakukunisaidia kitu.

Jumatatu, 28 Machi

Kimefukiwa. Mawe, kifusi, mchanga juu. Khitma ya Zuhura imesomwa.

Mama yake Zuhura amekuja kutoka Pangani. Waliachana na Bwana Athumani baada ya msiba, hawajasemezana tangu hapo. Kakaa chini chumbani, kaita jina la mwanawe, polepole, kama anayemwamsha. Bwana Athumani kamletea maji. Kayapokea.

Nimewaacha humo. Nikakaa barazani na Salehe. Mvua ilikuwa nyepesi. Jumamosi tunahamia.