Kadi Nilizozifunga kwa Wino Mwekundu

Jumatatu, 4 Machi 2002

Mashine imekataa tena. Mara ya tatu. Bahati amerudi saa saba mchana, amelowa mvua, na ile karatasi ndefu yenye vitundu pembeni. Juu, kwa herufi kubwa: REJETÉ. Chini yake nambari ya sababu, 07. Maelezo hakuna.

Hati niliiandaa mwenyewe. Msichana wa sekretaria mjini aliichapa na kuiweka kwenye disketi, kama ofisi ya kodi inavyotaka tangu mwaka jana. Haina kosa. Nilifanya kazi ofisi ile miaka thelathini na mmoja. Hati safi naijua.

Bahati anadai arudishiwe kodi aliyoitanguliza kwa mzigo wa mipira ya baiskeli. Lori lilichomwa njiani, mzigo haukufika. Sheria inasema mzigo usiofika haulipiwi. Anangoja tangu Agosti. Bila fedha hiyo hafungui duka, na bila duka hana kazi nyingine anayoijua.

Aliketi kwenye kizingiti, akakamua shati. "Mzee Impô," akasema (hapa Buyenzi wote wananiita hivyo, kwa kazi yangu ya zamani ya kodi), "we ulikuwa wa kule. Hii zero-saba iko nini?"

Nimemwambia sijui.

Najua.

Jumatano, 6 Machi

Miguu imevimba hadi magotini. Esperansi, mke wa Bahati, ameikanda kwa maji ya chumvi kama kila asubuhi. Wanakaa chumba cha uani tangu walipotoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1998. Walikuja kama wapangaji. Mke wangu alipofariki sikuwa na mtu mwingine. Esperansi ananipikia, ananigeuza kitandani, ananisomea maandishi madogo ya dawa nisiyoweza tena kuyasoma. Hajaniomba kitu.

Mwezi wa kwanza daktari aliniambia moyo umekuwa mkubwa kupita nafasi yake. Nilimuuliza kama nitaona kiangazi. Akaniandikia vidonge vingine.

Milio ya risasi upande wa Musaga tangu alfajiri. Esperansi hakuacha kufagia.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike sasa. Nikingoja nguvu sitaandika.

Ilikuwa mwaka 1995. Kata za kaskazini mwa mji zilikuwa zimebaki tupu kwa vita. Mutakura, alikozaliwa Bahati, ilikuwa kuta bila mabati. Watu walikimbilia Zaire, Tanzania, milimani. Wengine hawakufika popote. Kadi zao za kodi zilibaki kwetu, makabatini, na kila mwezi orodha ya wasiolipa ilizidi kurefuka. Mkurugenzi wa wakati ule alitaka orodha fupi. Siku hizi anaishi Kiriri, mtaa wa wakubwa, anamwagilia maua.

Kadi iliweza kufungwa kwa njia mbili. Amehama: 04. Hiyo ilitaka hati ya mkuu wa zone (kata), yenye muhuri. Zone zile hazikuwa na mkuu. Nyingine hazikuwa hata na mlango wa ofisi. Amefariki: 07. Hiyo ilitaka notisi tatu zisizojibiwa, na herufi za jina la karani pembeni mwa kadi. Basi. Utaratibu ule ulitungwa wakati wa amani, kwa huruma, ili mjane asifuatwefuatwe na barua za marehemu.

Tarishi alikataa kupeleka notisi Mutakura. Alikuwa na haki, angeuawa. Kwa hiyo tuliziandika, tukazipiga muhuri, tukazitia kwenye droo siku kumi na tano, tukazitoa. Hazikujibiwa. Tukafanya hivyo mara tatu.

Kisha rula na kalamu nyekundu. Konsolata, karani mgeni niliyekuwa nikimfundisha kazi, alisoma majina. Mimi nilipiga mstari, nikaandika 07, nikatia herufi zangu. S.R. Ilituchukua wiki mbili. Tulikunywa chai. Tulizungumza habari za bei ya sukari.

Kuhama kulihitaji karatasi. Kufa hakukuhitaji. Nikawaua watu wa kata nzima kwa sababu ilikuwa rahisi.

Kompyuta zilipokuja, kadi ziliingizwa zilivyo. Bahati aliporudi kutoka Uvira aliendelea na nambari yake ya zamani, na dirishani wakapokea malipo yake miaka minne. Mashine haiulizi kitu inapopokea. Inauliza inaporudisha.

Jumanne, 12 Machi

Imamu amekuja kuniona. Nilimuuliza kama toba ya mtu anayekaribia kufa inapokelewa. Akasema Mungu husamehe yaliyo yake. Haki ya mtu mwingine haisamehe mpaka mwenyewe asamehe. Alisema kwa upole, akaaga, akanywa kahawa uani na majirani. Nilimsikia akicheka.

Bahati amechoka na disketi. Amesema Alhamisi anakwenda mwenyewe, na Esperansi, hataondoka dirishani mpaka apewe sababu. Ningeweza kumzuia. Ningemwambia: usiende, watakuambia wewe ni maiti, na wakati huu wa vita mtu anayetembea na nambari ya maiti hatazamwi kwa wema.

Nilimwambia avae shati safi.

Alhamisi, 14 Machi

Wamemshika.

Esperansi amerudi peke yake. Ameniambia yote akiwa amesimama, mkoba bado begani.

Yule wa dirishani alitazama mashine akasema, "Mwenye nambari hii amekufa."

"Alikufa na nini?" Bahati akauliza.

Foleni ikacheka. Bahati, ambaye hawezi kuacha kitu kikiwa kimechekesha nusu, akageukia watu. "Munipe pole, jamani. Ndio nasikia sasa hivi. Mutu muzuri, hakukopa."

Yule wa dirishani hakucheka. Akaomba kitambulisho. Akamuuliza alizaliwa wapi: Mutakura. Alikuwa wapi miaka ile: Uvira. Kwa nini anatumia nambari ya marehemu. Siku hizi jibu la kwanza peke yake lingetosha mtu kushukiwa kuwa mwasi. Askari wa mlangoni aliitwa. Yuko kasho, mahabusu ya nyuma ya posta ya polisi.

"Mi niliwaambia: huyu ni bwana yangu, muzima, analala na mi," Esperansi akasema. "Wakaniambia ninyamaze ao niingie naye."

Kisha akaniuliza kama nimekunywa dawa.

Ijumaa, 15 Machi

Sikuweza kusimama. Nimeswali nimekaa, nimekosea rakaa.

Esperansi amepeleka chakula. Kimepokelewa, yeye hakuruhusiwa kuingia. Wamemwambia arudi Jumatatu. Mwanamke mmoja pale nje amemwambia kwamba Jumatatu jioni huwa wanahamisha watu, na hawasemi wanakowahamishia. Mume wa mwanamke huyo alihamishwa Desemba.

Alinikanda miguu na huku machozi yanaanguka ndani ya maji. Sikumwambia ukweli.

Nieleze sababu, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Sikuwa nikiogopa aibu. Pensheni haifiki hata nusu ya dawa, sikuogopea hiyo. Niliogopa kwamba atanyanyuka, atafuta mikono, na hatarudi. Naogopa kufa na kiu, nikiita, hakuna anayekuja. Kwa hofu hiyo nimemwacha mume wake kasho usiku mwingine.

Jumamosi, 16 Machi

Hakuna habari. Mvua.

Jumatatu, 18 Machi

Nimekwenda ofisi ya kodi. Esperansi alidhani nakwenda kumwombea Bahati kwa watu niliowajua. Alifurahi. Aliniwekea mto ndani ya teksi, akaingia nami.

Konsolata sasa ni mkuu wa idara. Amenenepa, ana miwani. Alinishika mikono yote miwili, akaniita mzee wangu, akaagiza Fanta. Nilimwambia nambari ya Bahati na kilichotokea. Hakuhitaji niendelee. Alimtazama Esperansi, akaniambia kwa Kifaransa kwamba mengine tuyazungumze sisi wawili.

Nikasema tuzungumze Kiswahili, na huyu abaki.

"Mzee, hayo yalishapita," akasema. "Nitamupa nambari mpya. Leo hii."

"Nambari mpya itasema ya zamani aliiba."

"Polisi ni polisi. Mi niko kodi."

"Basi niandikie kwamba kadi ilifungwa kwa uongo. Nitie sahihi mimi. Uwapelekee polisi kabla ya jioni."

Akavua miwani. "Ukifungua moja, watakuja wote."

"Wanaoweza kuja, waje."

Alifuta miwani kwa ncha ya kitenge. Kisha akasema, polepole, "Mi nilisoma tu majina." Ni kweli. Herufi zake hazimo popote. Ni zangu tu.

Esperansi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlangoni, mkoba magotini. Nilimgeukia nikamwambia. Kwamba nilikuwa na kalamu. Kwamba nilipiga mstari juu ya mume wake na sikumwona. Kwamba nimejua tangu karatasi ya kwanza ilipotoka, nikaendelea kunywa uji wake. Nilisema yote bila kupumzika, maana pumzi hainitoshi na ningesimama nisingeanza tena.

Alikaza mkono kwenye mkanda wa mkoba.

Kadi ilitafutwa ghalani saa mbili nzima. Ikapatikana. Wino umefifia, umekuwa kama rangi ya matofali. S.R. Niliandika ungamo ukurasa mmoja na nusu, kwa Kifaransa, nikatia sahihi. Mkurugenzi wa sasa alisoma akiwa amesimama. Nilimuuliza kama nitashtakiwa. Alitazama miguu yangu, akasema nirudishwe nyumbani. Barua ilitoka saa kumi kasorobo. Konsolata aliipeleka posta ya polisi mwenyewe, kwa gari lake. Hilo niliandike pia.

Kwenye teksi Esperansi alikaa mbele.

Jumanne, 19 Machi

Hajaja. Nasikia anapika. Nasikia anatwanga.

Jirani ameniletea maji. Sijaweza kugeuka. Ubavu wa kushoto unawaka.

Sidai kitu. Nilijua itakuwa hivi.

Alhamisi, 21 Machi

Bahati ameachiwa jana jioni. Leo amekuja mlangoni kwangu. Jicho moja limefumba, shati ni lile lile nililomwambia avae. Alisimama pale, hakuingia.

"Hodi kwa wazima," akasema. "Ni marehemu."

Sikujua kama nicheke. Sikucheka.

Nilimwomba msamaha. Sikumweleza sana, mkewe alishamweleza. Alisikiliza akikwangua ukuta kwa kucha. Kisha akasema, "Mule ndani tulikuwa kumi na sita. Jumatatu ile usiku walitoa kumi na moja. Jina yangu ilisomwa. Kisha yule mukubwa akasema, huyu hapana, kuna barua." Akakwangua tena. "Mzee, mi sijui nikushukuru ao nikupige. Ngoja kwanza nilale."

Akaenda.

Kumi na mmoja. Nimekaa na hilo siku nzima.

Kuhusu fedha zake, Konsolata ametuma mtu: kadi imefunguliwa, dai limepokelewa, litapitiwa upya tangu mwanzo. Miezi sita, labda. Sitakuwepo.

Ijumaa, 22 Machi

Bahati amenigeuza kitandani. Mikono yake ni mizito kuliko ya mkewe, lakini alinigeuza.

Jumapili, 24 Machi

Esperansi amekuja baada ya misa, bado na kitambaa cha kanisani kichwani. Ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Papa yangu alikuwa na kioski Mutakura," amesema. "Ya kushona viatu. Ile siku ya kukimbia alirudi kuchukua mashini. Hatukumuona tena."

Nimemwambia pole. Akainua mkono ninyamaze.

"Tulingoja. Mama alikataza tusilie. Mwaka ya tisini na sita, kabla sijaenda Uvira, mi nikaenda pa ofisi yenu, niombe nafasi yake ya soko. Wakanipa karatasi. Imeandikwa marehemu, na muhuri. Nikampelekea mama. Akasema, kama Leta imeandika, basi wanajua."

Leta ndiyo serikali, kwa Kirundi. Walifanya kuganduka: ukoo ulikusanyika, pombe ikanywewa, matanga yakamalizwa kwa heshima yote. Mwaka uliofuata mama yake aliolewa Rumonge. Ana watoto wawili huko.

"Sasa nauliza," akasema. "Mulijua, ao muliandika tu?"

Hakuuliza kwa hasira. Ningependa angekasirika.

"Tuliandika tu."

Akanitajia jina la baba yake. Nilifumba macho nikalitafuta. Sikulikuta. Majina yalisomwa, mimi nilitazama rula. Nikamwambia hivyo.

Redio ya jirani ilikuwa ikitoa salamu. Baadaye akasema, kama anayejisemea, "Basi anaweza kuwa Tanzania."

"Anaweza. Na anaweza kuwa alikufa siku ile ile."

"Najua. Nauliza barua inaandikwa kwa nani."

Nikasema tuandike kwa kambi zote za wakimbizi, moja moja, na kwa wale wa redio wanaosoma majina ya waliopotea. Amevuta meza hadi kitandani. Ameniinua, akaniegemeza ukutani. Amenipa jina kamili, kilima alikozaliwa, umri, na kovu la kisu cha kukatia ngozi kwenye kidole gumba. Nilikosea herufi moja ya jina, nikachukua karatasi nyingine, nikalianza upya.

Nilipomaliza akataka nimsomee. Nimesoma polepole. Binti yako Esperansi yuko hai, ameolewa, anakaa Buyenzi. Ndugu zako wadogo wawili wako hai. Anakuomba uandike.

Amefikiri.

"Habari ya mama usiitie," akasema.

Sikuitia.