Zakayo Atalisoma Jina la Neema kwa Kinywa Chake

Neema anaolewa! Dada, soma tena: Neema wangu anaolewa, tangazo la ndoa litasomwa huko huko Tukuyu, kanisa letu la nyumbani, na atakayelisoma ni Mwinjilisti Zakayo, yule nabii wenu.

Sasa ndiyo nikusalimie. Hujambo, dada yangu? Mgongo je? Shemeji anakula vizuri? Sisi hapa Wawi, Pemba, tu wazima. Nashona sare za shule mpaka vidole vinakufa ganzi, na Chake Chake nzima hakuna anayekunja marinda kama mimi, njoo uwaulize.

Bwana harusi ni Daudi, mwalimu wa hesabu, mtu wa Singida, mrefu, ana sauti ya besi inayotikisa mabati ya kanisa letu dogo. Siku ya kwanza kumwona Neema, alipotea katikati ya ubeti, kwaya nzima ikamgeukia. Simlaumu. Nimezaa, dada.

Wenzangu huko mmesahau, mimi sijasahau. Neema alikuja huko likizo, ameketi kanisani na mama wa mchumba wake wa kwanza, Zakayo akafumba macho na kipaza sauti mkononi: "Namwona mwanamke wa nguo nyeusi nyuma ya binti huyu. Nasikia harufu ya karafuu. Ni jini la Pemba, limemposa!" Watu wakapiga mayowe. Wiki haikuisha, uchumba ukavunjwa. Mwanangu akarudi huku hata kuimba hataki.

Mwanamke wa nguo nyeusi! Ni Bi Asha, mwenye nyumba wangu. Yumo kwenye picha niliyokuwa nimeituma kwa simu kwenye kundi la akina mama wa kanisa la huko, kasimama nyuma ya Neema na buibui lake, karafuu zimeanikwa mkekani mbele yao. Na mke wa Zakayo yumo kwenye kundi hilo. Nilipomsimulia Bi Asha alicheka mpaka akakaa chini.

"Mie jini? Wallahi, ningekuwa jini ningekwenda kwa miguu mpaka mashamba ya Ole kuchuma karafuu za watu?" Kisha akanuna. "Na kumposa Neema sikumposa, lakini ningekuwa na mtoto wa kiume, huyo mwalimu wako asingempata."

Karama za Roho mimi sizikatai, usije ukasema Pemba imenibadilisha. Hapa kanisani kwetu yupo mzee anayetoa unabii. Lakini akimaliza kunena huketi, na wenzake humuuliza maswali mbele yetu sote, maana Biblia imetuambia tupime. Siku nyingine husema, "Hapo nimekosea, ndugu zangu, nisameheni." Zakayo nani amewahi kumuuliza?

Basi nitamuuliza mimi. Neema alinisihi, "Mama, tufunge ndoa hapa hapa, yaishe." Nikamwambia, "Ulipovuliwa heshima ndipo utakapovikwa." Alilia kidogo, kisha akasema, "Haya mama, lakini usipige kelele." Nani apige kelele? Mchungaji wa huko ameshakubali, na matangazo ya ndoa kwenu husomwa na mwinjilisti. Jumapili tatu Zakayo atasimama mbele, atasoma jina la mwanangu, kisha atauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mwenye pingamizi si yeye? Akinyamaza, kanisa zima litajua jini lake lilitoka kwenye simu ya mkewe. Akisema, mimi nipo kiti cha mbele na Bi Asha ubavuni, maana amekataa kubaki, anataka amwone huyo mtu uso kwa uso. Nataka jasho limtoke. Nataka ayameze maneno yake moja moja, bila maji.

Na usiniandikie tena habari za kusamehe. Nitamsamehe, mimi ni Mkristo. Lakini baada ya tangazo la tatu, siyo kabla.

Yule mama aliyevunja uchumba mkaribishe kwa heshima, umketishe mahali anaposikia vizuri. Nisalimie shemeji, shangazi Tabitha aliyetulea, na binamu Lazaro mpiga ngoma wa kanisa, mwambie asisafiri. Ndoa yenyewe tutaifunga baada ya Pasaka, hiyo kila mtu atakuja. Ninayotaka ukoo wote muwe mmejaa, tangu viti vya mbele mpaka mlangoni, ni siku ya tangazo la tatu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, Mama Neema wa Wawi, na ninawangoja wote Jumapili ya Matawi, ibada ya kwanza.